FARASI AITIKAYE MWITO: MALISHO YA MILIMA YA BALE, ETHIOPIA

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya kaskazini huingia Ethiopia katika mji wa Moyale, akapita Dilla na Hawassa, hatimaye akafika Shashamane. Hapo, badala ya kushika njia iendayo Addis Ababa, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 250, akigeuka mashariki atapanda polepole kuelekea Dodola, Adaba na Dinsho. Joto la Bonde la Ufa hubaki nyuma yake. Mashamba ya ngano na shayiri hutanda pande zote mbili za barabara, hewa hupoa, na watu huonekana wamejitanda mablanketi mchana kweupe. Hiyo ndiyo nchi ya Bale, makazi ya Waoromo wa jamii ya Arsi. Ndiyo pia nchi ambamo mgeni wa kutoka pwani, au wa kutoka kandokando ya Ziwa Viktoria, huona jambo ambalo hakulizoea kwao: farasi kila mahali.

Hawa si farasi wa gwaride wala wa mashindano. Ni farasi wadogo wa mlimani, wenye kwato ngumu na manyoya yanayostahimili baridi. Mzee huenda nao sokoni. Mama huwapakia madumu ya maji na magunia ya nafaka. Mgonjwa asiyeweza kutembea hupandishwa mgongoni mwa farasi hadi mahali pa kupata gari. Siku ya arusi au ya sikukuu, farasi yuleyule aliyebeba kuni jana huvishwa matandiko ya rangi na vishada vyekundu, akawa fahari ya nyumba nzima.

KWA NINI HUKO?

Msomaji huenda akauliza: kwa nini farasi wamejaa Ethiopia na kwetu ni haba? Jibu limo katika maradhi na katika kimo cha nchi. Sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki ina mbung'o, ambaye hueneza nagana. Tena kuna maradhi makali ya farasi yanayoenezwa na visubi, wale wadudu wadogo waumao nyakati za jioni na usiku, hasa penye joto na unyevu. Maradhi haya huweza kumwua farasi aliyekuwa mzima siku chache tu kabla yake. Nyanda za juu za Ethiopia hazina mbung'o, na baridi yake huwapunguza visubi. Kwa hiyo tangu zamani farasi wamestawi huko. Leo Ethiopia ina farasi wapatao milioni 2, na hakuna nchi nyingine ya Afrika yenye wengi kuipita. Hata nchini Kenya farasi walioletwa na walowezi walikaa zaidi katika nyanda za juu, na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954, uko katika nchi ya baridi vilevile.

Ujirani wetu na watu hawa umo hata katika ndimi. Mswahili husema farasi, Mwarabu husema faras, Mwamhara husema feres, na Mworomo husema farda. Katika miji ya Ethiopia, kile kigari cha magurudumu mawili kikokotwacho na farasi huitwa gari, neno lililotoka Bara Hindi kama lile letu.

MALISHO YASIYO NA UA

Juu ya Dinsho nchi hufunguka. Kuna bonde la Gaysay lenye nyasi, ambamo nyala wa milimani hula karibu na mifugo. Kuna bonde la Mto Web, na zaidi ya hapo, kusini ya mji wa Goba, uko uwanda wa Sanetti ulio juu ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Tullu Dimtu chenye mita 4,377. Usiku wa kiangazi maji huganda. Nyakati za mvua ukungu hushuka ghafla, na mtu aliyekuwa akiona kilima cha mbali huwa haoni hata mkono wake wa pili.

Katika nchi kama hiyo farasi hafungiwi katika uwanja wenye seng'enge. Hufunguliwa akale pamoja na ng'ombe, kondoo na farasi wenzake, naye huweza kwenda mbali akifuata majani mabichi. Jioni ikifika, swali la kila nyumba ni moja tu: je, atarudi?

Swali hilo si dogo. Fisi ni wengi Bale, na wao ndio wala mifugo wakubwa kupita wanyama wote wa mwituni huko. Farasi mzima aliyesimama na wenzake huweza kujitetea kwa mateke. Lakini jike aliyetoka kuzaa, au mtoto wa farasi, au farasi aliyechoka na kubaki nyuma katika ukungu, huenda asionekane tena ila mifupa. Kwa nyumba yenye farasi mmoja, hasara hiyo ni hasara ya miguu, ya mabega na ya akiba kwa pamoja.

Wako wanaomzuia farasi asiende mbali kwa kumfunga miguu miwili ya mbele kwa kamba. Njia hiyo humfanya aende kwa kurukaruka, na mwenyewe humpata kwa urahisi. Lakini ina ubaya wake. Kamba huchuna ngozi na kuleta vidonda, na vidonda ni mlango wa maradhi. Isitoshe, farasi aliyefungwa miguu hawezi kumkimbia fisi. Kamba inayomhifadhi mchana ndiyo inayomtoa kafara usiku.

Wako pia wanaomtuma mtoto. Alfajiri kijana huondoka na hatamu mkononi, akapanda kilima hiki na kushuka kile akimtafuta farasi wa nyumbani. Akimwona, kazi haijaisha, kwani farasi asiyependa kukamatwa humwacha mtu akaribie hatua tatu, kisha hujitenga hatua kumi, akainama kula tena kana kwamba hakuona kitu. Mchezo huo huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Mtoto anapofika shuleni, ikiwa atafika, wenzake wamekwisha somo la kwanza. Kwa sababu hiyo farasi aitikaye mwito ni zaidi ya pambo. Ni usalama wa mnyama, ni saa za mzazi, na ni elimu ya mtoto.

JINA LA FARASI NA JINA LA MTU

Ethiopia ni nchi ambayo jina la farasi liliheshimiwa kuliko mahali pengi duniani. Mashujaa na watawala wake walijulikana kwa majina ya farasi wao, wakitanguliziwa neno Abba, maana yake baba au mwenyewe. Mfalme Tewodros wa Pili, aliyetawala toka 1855 hadi 1868, aliitwa Abba Tatek. Menelik wa Pili, aliyewashinda Waitalia kule Adwa mwezi Machi 1896, aliitwa Abba Dagnew. Kule Jimma, nchi ya Waoromo wa magharibi, jina la Abba Jifar limebaki mpaka leo katika jumba la mfalme ambalo wageni huenda kulitazama. Ras Makonnen, baba yake Haile Selassie, alikuwa na farasi aitwaye Kagnew. Askari wa Ethiopia walipopelekwa vitani Korea mwaka 1951, kikosi chao kilipewa jina hilo la Kagnew. Hivyo farasi aliyekula nyasi za Ethiopia katika karne ya 19 alikumbukwa katika vita vya ng'ambo ya bahari katika karne ya 20.

Heshima hiyo haijafutika. Katika nchi ya Awi, kaskazini-magharibi ya Ethiopia, kiko chama cha wapanda farasi kilichoanzishwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya farasi waliokwenda Adwa. Kila mwaka, mwishoni mwa Januari, wapandaji hukusanyika katika mji wa Injibara wakiwa wamewapamba farasi wao. Anayewatazama huelewa kwamba kumpa mnyama jina ni kuingia naye katika uhusiano. Mtu hampi jina kitu ambacho hatarajii kuzungumza nacho.

MASIKIO YA FARASI

Kabla ya kumfundisha mnyama, yafaa kuijua tabia yake. Farasi ni mnyama aliwaye. Maumbile yamempa macho ya pembeni yanayoona karibu pande zote, na masikio ambayo kila moja hugeuka peke yake kutafuta sauti. Husikia sauti nyembamba ambazo sikio la mtu haliwezi kuzipata. Kwa hiyo farasi asiyeitika hakosi kusikia. Amesikia, amepima, na ameamua kwamba kuja hakuna faida.

Pili, tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake. Hana matumbo manne kama ng'ombe, wala hacheui. Akiachiwa malishoni hula sehemu kubwa ya siku na hata ya usiku, kidogo kidogo. Maana yake ni kwamba amwitaye farasi humkuta mezani karibu kila saa, na lazima awe na sababu nzuri ya kumwondoa.

Tatu, farasi ni mnyama wa kundi, na anayo kumbukumbu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba farasi hutambua mwenzake kwa kuunganisha sura na sauti yake, na utafiti uliofuata mwaka 2012 ukaonyesha kwamba huwatambua hivyo hata watu awajuao. Nako Rennes, Ufaransa, utafiti uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba farasi waliofundishwa kwa kutuzwa chakula walijifunza upesi zaidi, wakamkaribia mtu kwa hiari, na walikumbuka mafunzo hayo baada ya miezi mingi. Wafugaji wa zamani walilijua jambo hilo bila maabara.

MAFUNZO YENYEWE

Kanuni za kumfundisha farasi kuitika ni zilezile, awe Bale au kwingineko.

Kwanza, ichaguliwe sauti moja. Yaweza kuwa jina lake, au mluzi, au mlio wa shayiri ikitikiswa katika kopo. Sauti hiyo isibadilike, wala isitumiwe kwa jambo jingine. Watu wote wa nyumbani waitumie vilevile. Baba akipiga mluzi, mama akiita jina na mtoto akipiga kelele, farasi hatajua lipi ni neno na lipi ni upepo.

Pili, mafunzo yaanze karibu. Farasi akiwa amefungwa nyumbani, mwenyewe hutoa ile sauti, kisha humpa konzi ya shayiri. Mpango huo ushikwe sana: sauti itangulie, chakula kifuate. Chakula kikionekana kwanza, farasi hufuata macho yake na sauti haimfundishi lolote. Siku chache zikipita, atageuza masikio na kichwa mara asikiapo. Hiyo ni dalili kwamba neno limeingia.

Tatu, umbali uongezwe kidogo kidogo. Leo hatua tano, kesho kumi, baadaye mwisho wa ua. Kisha farasi apelekwe malishoni akiwa na kamba ndefu shingoni, ili mafunzo yasikatike iwapo ataamua kuondoka. Kamba si ya kumvuta. Ni ya kumzuia asijifunze kwamba kukataa kunawezekana. Atakapokuwa anakuja mwenyewe kila mara, ndipo afunguliwe kabisa. Hata hapo, mwito wa kwanza wa wazi ufanywe saa ambayo ana njaa, wala si wakati wa mvua nyasi zinapokuwa tamu.

Nne, chakula kiwe kidogo. Konzi moja yatosha. Farasi hawezi kutapika, na nafaka nyingi kwa mara moja humletea msokoto wa tumbo unaoweza kumwua, au maradhi ya kwato. Chumvi kidogo nayo hupendwa sana. Watu wa Bale huwapeleka mifugo wao kwenye chemchemi za maji ya madini ziitwazo hora, na wanyama waliozizoea huharakisha njiani bila kusukumwa. Ethiopia yaijua thamani ya chumvi. Vipande vya chumvi viitwavyo amole vilitumika kama fedha hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Tano, mtu asiingie katikati ya kundi la farasi akiwa amebeba chakula. Farasi hugombea, huumana na kurusha mateke, na anayeumia aghalabu ni yule mwenye kopo. Asimame kando na kumwita wake. Mtoto hasa akatazwe jambo hili.

Sita, siku zikienda, shayiri ipunguzwe. Mara apewe, mara asipewe, bali akunwe kwa vidole pale juu ya mabega, mahali ambapo farasi wenyewe kwa wenyewe hukunana kwa meno. Kwa farasi, huo ni wema, naye huuelewa.

AHADI NI DENI

Mambo hayo sita hujifunzwa kwa majuma machache. Lililo gumu ni la saba, nalo ni kutomdanganya.

Farasi wengi walioacha kuitika waliharibiwa na mwenyewe. Aliwaita, wakaja, akawatia hatamu na kuwapakia mzigo. Kesho akawaita tena, wakaja, akawapakia tena. Juma halijaisha, mnyama amekwisha kufanya hesabu yake: mwito maana yake ni gunia. Mwingine humwita farasi mara tatu, akachelewa, na afikapo humchapa kwa kuchelewa. Yeye adhani amemwadhibu kwa kukawia, kumbe amemwadhibu kwa kuja. Mwingine hutikisa kopo tupu. Hila hiyo hufaulu mara moja au mbili, kisha kopo hupoteza maana yake kwa muda mrefu, hata likijazwa shayiri.

Wahenga walisema ahadi ni deni, nao mwito ni ahadi. Mwenye busara humwita farasi wake mara kadhaa bila kazi yoyote. Huja, hupewa konzi yake, hukunwa, na huachwa arudi kula. Kwa njia hiyo mzigo huwa mmoja tu kati ya mambo mengi yanayoweza kufuata mwito, na farasi hana sababu ya kuukimbia. Na achelewapo kufika, hata kama jua limezama na mwenyewe amekasirika, hupokewa vilevile kama aliyewahi. Hasira ya jioni moja huweza kuuvunja mwezi mzima wa kazi.

NYASI ZA WATU WENGI

Mgeni asidhani kwamba malisho ya Bale hayana mgogoro. Sehemu kubwa ya milima hiyo ni Hifadhi ya Taifa, na mwaka 2023 iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Humo huishi zaidi ya nusu ya bweha wekundu wa Ethiopia waliosalia duniani, mnyama ambaye idadi yake ya wakubwa haifiki 500 na ambaye kichaa cha mbwa kimemwangamiza mara kwa mara. Humo pia huanza mito inayomwaga maji yake katika Juba na Shabelle, hadi mashamba ya Somalia. Papo hapo, jamii za wafugaji zilikuwa na desturi ya kuhama na mifugo kufuata majira, iitwayo godantu, muda mrefu kabla ya ramani ya hifadhi kuchorwa. Watu wameongezeka, mashamba yameongezeka, na nyasi hazijaongezeka. Unyasi mmoja huhesabiwa na mfugaji, na mlinzi wa hifadhi, na mkulima aliye mamia ya kilomita chini ya mto.

Farasi aitikaye hawezi kumaliza shauri hilo. Lakini mwenye mnyama wa namna hiyo huweza kumweka karibu, akamwondoa upesi mahali pasiporuhusiwa, na akamlaza nyumbani badala ya kumwacha azurure usiku. Pia wenyeji wa Dinsho na Dodola hupata fedha kwa kuwakodishia wageni farasi wa kuwapandisha milimani, na mgeni hapandi farasi ambaye hajakamatwa.

Katika miji, zama za farasi zinapungua. Bajaji za magurudumu matatu zimechukua abiria wengi wa yale magari ya farasi, na farasi aliyezeeka kazini mara nyingine huachwa barabarani ajitafutie. Katika mji wa Bishoftu, ambako shule ya utabibu wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa ilianzishwa mwaka 1979, waganga wamefanya kazi ya miaka mingi kuwatibu farasi hao vidonda vya matandiko na maradhi ya ngozi. Milimani, pasipo na barabara, bado hakuna bajaji ifikayo. Huko farasi angali na kazi, na mwenyewe angali akisimama mlangoni jioni kuutazama ukungu.

Wasomaji wengi hawana farasi. Lakini wanao ng'ombe, mbuzi, punda na kuku, na kila mama anayegonga ungo asubuhi akaona kuku wakija mbio amekwisha kuifanya kazi hii bila kuitia jina. Sauti iwe moja, itangulie chakula, umbali uongezwe polepole, na ajaye asipigwe. Husemwa kwamba asante ya punda ni mateke. Huenda ni kweli, lakini kabla ya kumlaumu punda ni haki kuuliza alipoitwa mara ya mwisho alipewa nini.